Waya unaopita juu yetu: umeme wa Kolwezi toka Nzilo mpaka Inga



Kuna swali ambalo linanirudia kila ninapotembelea familia zilizohamishwa pembeni ya Kolwezi. Mtu ananyoosha mkono, ananionyesha ile minara ya chuma inayovuka mashamba kuelekea migodini, halafu ananiuliza: kurani inapita hapa juu, mbona haishuki? Mara nyingi nimejibu kwamba ni mambo ya SNEL, ni delestaji, ni kabini iliyoungua. Majibu hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayamalizi swali. Waya ule haukupotea njia. Tangu siku ya kwanza ulipangwa upite. Basi leo tusimulie habari yake toka mwanzo, kwa sababu kuna familia ambazo wiki hii zinatia sahihi karatasi za kuhama, na katika karatasi hizo neno "umeme" limeandikwa kama jambo dogo.

Mwanzo wake hauko Kolwezi, uko kwenye mto Lufira. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na miaka ya kwanza iliyeyusha shaba kwa moto. Tanuru ya Lubumbashi, iliyowaka mwaka 1911, ilikula makaa ya mawe yaliyoletwa kwa treni kutoka Wankie, Rhodesia. Lakini mawe yetu mengi hayakufaa kwa moto. Yalihitaji kusagwa, kuyeyushwa ndani ya asidi, kisha yale maji ya kibuluu yanatiwa katika matangi marefu na kupitishiwa umeme mpaka shaba igande juu ya mabati. Mwaka 1929 kazi hiyo ilianza Shituru, Likasi, mji uliokuwa ukiitwa Jadotville. Mwaka 1930 barazhi ya Mwadingusha ikaanza kutoa umeme. Ukiziweka tarehe hizo mbili pamoja, umeelewa nusu ya hadithi: barazhi ilikuwa sehemu ya kiwanda, sawa na tanuru na reli.

Sikiliza hesabu hii. Kupata tani moja ya shaba kwa njia ya matangi kunakula karibu kilowati-saa 2,000. Nyumba yenye taa chache, redio na simu za kuchaji, tuseme inakula 30 kwa mwezi. Umeme wa tani moja ungeiwashia nyumba hiyo zaidi ya miaka 5. Sisemi shaba isichimbwe. Sote tumelishwa nayo kwa namna moja au nyingine. Nasema tu kwamba mbele ya tangi lile, nyumba haijawahi kuonekana.

Kolwezi yenyewe ilizaliwa mwaka 1937, wakati kampuni ilipopeleka kazi zake upande wa magharibi. Baada ya vita kuu ya pili dunia ilitaka shaba na kobalti nyingi, na Lufira haukutosha tena. Mainjinia wakageukia Lualaba. Pale Nzilo mto unaingia katika korongo jembamba, unashuka kwa nguvu kati ya kuta za mawe. Hapo ndipo palipofungwa. Mwaka 1952 barazhi ikaanza kazi, megawati 108, na nyuma yake ziwa kubwa likafunika bonde. Miaka minne baadaye, chini zaidi kwenye mto uleule, ikafunguliwa ya pili, Nseke, megawati 248, zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza.

Watu wengi wanafikiri hizi ni kazi mbili tofauti. Ni kazi moja. Ziwa la Nzilo ndilo ghala. Mvua za kuanzia Novemba mpaka Aprili zinajaza ziwa, na wakati wa kiangazi, mto ukipungua, maji yanaachiwa kwa kipimo. Yanageuza mashine za Nzilo kwanza, yanaendelea na safari, kisha yanageuza za Nseke. Mvua ikikosa, zote mbili zinadhoofika pamoja. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mwezi wa Oktoba kurani ni kidogo kwa sababu ya maji, usimcheke. Muulize lakini swali la pili: hayo machache yaliyopo yamepewa nani kwanza?

Barazhi hizo hazikuitwa Nzilo na Nseke zilipofunguliwa. Ya kwanza iliitwa Delcommune, ya pili Le Marinel. Paul Le Marinel na Alexandre Delcommune ni wazungu wawili waliofika Bunkeya mwaka 1891, kila mmoja kwa wakati wake, kumtaka mfalme Msiri akubali bendera ya Leopold. Msiri hakukubali, na kabla mwaka haujaisha akauawa na watu wa msafara mwingine uliokuja nyuma yao. Miaka 60 baadaye majina ya wajumbe wale wawili yalitiwa kwenye kuta zilizofunga mto wetu. Majina ya mahali yalirudishwa tu wakati wa Zaire.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo mimi mwenyewe nilipolijua lilinikalisha chini. Mwaka 1956, mwaka uleule wa Nseke, waya wa kilovolti 220 ulifunguliwa kuelekea kusini, ukavuka mpaka na kupeleka umeme wa Lualaba kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Kariba ilikuwa bado haijatoa umeme. Migodi ya upande ule ilikuwa na shida, na sisi tulikuwa na ziada. Ndiyo kusema kurani ya mto huu ilivuka mpaka wa nchi kabla haijavuka barabara kwenda vijiji vya pembeni ya ziwa. Na miaka hiyohiyo reli ya BCK kati ya Likasi, Tenke na Kolwezi ilitiwa umeme. Ilikuwa kati ya reli za kwanza duniani kutumia kilovolti 25 za aina ile. Treni lilipata. Mgodi wa jirani ulipata. Kambi za wafanyakazi zilikuja kupata pia, kwa sababu mfanyakazi aliyelala vizuri anafanya kazi vizuri.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, kiwanda cha Luilu kilikuwa kimeanza kazi mwaka huohuo, hapa hapa Kolwezi, nacho ni kiwanda cha matangi. Kujitenga kwa Katanga kulipita, 1960 mpaka 1963. Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ikawa ya serikali, na baadaye jina likawa Gécamines. SNEL iliundwa mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata ikazimeza kampuni za zamani za umeme. Mwenyewe alibadilika. Nyaya zilibaki palepale, zikielekea kulekule.

Halafu likaja waya kubwa.

Mwaka 1972 Inga ya kwanza ilifunguliwa karibu na Matadi, mbali kabisa na sisi. Mwaka uliofuata serikali ya Mobutu iliamua kuvuta waya kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilomita karibu 1,700, kwa kilovolti 500. Wakati ule ilikuwa moja ya laini ndefu zaidi duniani. Kampuni ya Marekani, Morrison-Knudsen, ilipewa kazi ya kujenga, na benki ya Marekani ya kusaidia mauzo ya nje ilikuwa kati ya waliokopesha. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Gécamines ingekua na kuhitaji umeme mwingi. Lakini Lualaba ulikuwa bado na maporomoko ambayo hayajatumiwa, karibu na migodi yenyewe. Kwa nini kwenda kutafuta kurani upande mwingine wa nchi? Wengi walisema wakati ule, na wengi wanasema hata sasa, kwamba Kinshasa haikusahau kujitenga kwa Katanga: mwenye kushika swichi ya Inga angekuwa ameshika migodi. Nami naona maelezo hayo yana uzito. Karatasi za hesabu peke yake hazielezi kilomita 1,700.

Ujenzi ulichelewa na kuchelewa. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1977 vita vya kwanza vya Shaba. Mwaka 1978, tarehe 13 Mei, waasi waliotoka Angola waliingia Kolwezi. Wazee wetu hawapendi kuongea juu ya wiki ile, na sitawalazimisha hapa. Nitasema tu kwamba Wamarekani waliokuwa wakijenga ile laini walikuwa kati ya wageni wa kwanza kutolewa kwa ndege, na kwamba wanajeshi wa Ufaransa waliruka na miavuli tarehe 19. Kazi ilikwisha mwaka 1982, na laini ikaanza kufanya kazi mwaka 1983. Wakati huo mipango ya kukuza Gécamines ilikuwa imepunguzwa, kwa hiyo waya mkubwa ulibeba sehemu tu ya nguvu uliyojengewa. Deni lake, lakini, lilikuwa zima.

Na sasa lile swali la mnyoosha mkono: mbona haishuki?

Umeme unaotumika nyumbani huenda na kurudi mara nyingi kwa sekunde. Aina hiyo unaweza kuipunguza nguvu kwa transfo ya kawaida, ukaiingiza kijijini. Laini ya Inga ni ya aina nyingine, mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja bila kurudi. Faida yake ni kwamba kwa safari ndefu haupotezi nguvu nyingi njiani. Hasara yake ni kwamba kuutoa kunahitaji kituo kizima cha kuugeuza, majumba na mashine za mamilioni ya dola. Laini ya Inga ilijengewa vituo viwili tu vya namna hiyo, kimoja Inga na kimoja hapa Kolwezi. Kilomita zote za katikati, watu wa Bandundu, watu wa Kasai, waliiona minara ikisimamishwa mashambani mwao na hawakupata hata taa moja kutoka kwake. Hata kama chifu angeomba, hata kama SNEL ingetaka, waya ule haufunguliwi kwa bisibisi.

Msidhani aina hii ya waya ni jambo la zamani. Leo nchi za Ulaya zinajenga mashamba ya upepo katikati ya bahari. La kwanza lilisimamishwa Denmark mwaka 1991, Vindeby, mashine 11 tu zilizotoa kwa pamoja karibu megawati 5. Mwaka 2017 liling'olewa kwa kuwa limezeeka. Sasa Uingereza wana Hornsea 2, mashine 165, kilomita 89 kutoka pwani, zaidi ya megawati 1,300 kwa shamba moja. Jipya zaidi, Dogger Bank, liko mbali mpaka wakaamua kutumia mkondo mnyoofu chini ya maji, ndugu wa ule unaofika Kolwezi. Mashine zile zina shaba nyingi tumboni, na nyaya nyingi za chini ya bahari zina moyo wa shaba. Huenda kuna kipande cha Kamoto kilicholala huko kati ya samaki. Lakini angalia tofauti: kule chini ya waya wanapita samaki, na waya ukitoka majini umeme unageuzwa na kuingia katika mtandao ambao nyumba zote zimeungwa. Huku kwetu waya ulipita juu ya watu, na mwisho wake ulikuwa matangi.

Yaliyotupata yamepata na wengine karibu nasi. Kaskazini mwa Kenya, karibu na ziwa Turkana, mashine 365 za upepo zilisimamishwa kwenye nchi ya wafugaji, megawati 310. Kijiji cha Sarima kilihamishwa wakati wa ujenzi. Mashine zilikuwa tayari mwaka 2017, lakini waya wa kilomita 428 kwenda Suswa haukuwa tayari mpaka Septemba 2018, na muda wote huo upepo ulivuma bure. Umeme ule unakwenda kusini kwenye mtandao wa taifa. Wafugaji walikwenda mahakamani kwa ajili ya ardhi, na mwaka 2021 mahakama ya Meru ilisema hati za ardhi hazikupatikana kwa njia ya sheria. Nawatajia hao kwa sababu moja: wao walishika hati na kuuliza maswali. Kesi yao ilichukua miaka, lakini ilisikilizwa.

Turudi nyumbani. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilianguka ndani ya miaka michache mpaka makumi ya maelfu. Ukaja mwaka 1992 na 1993, familia za asili ya Kasai zikafukuzwa Likasi na Kolwezi, zikalala vituo vya treni zikingoja mabehewa. Wako wasomaji wangu waliozaliwa kwenye vituo hivyo. Watu wakiwa na njaa, na laini ya Inga ikiwa bila mlinzi, vyuma vya minara vilianza kufunguliwa kimoja kimoja, vikageuka mbabula, vitanda na majembe. Mtu wa mbali aliita wizi, na kweli ulikuwa wizi. Mimi nafikiri pia kwamba ilikuwa mara ya kwanza waya ule kumpa mwanakijiji kitu.

Migodi ilipofufuka miaka ya 2000, shida ya umeme ilirudi na nguvu, na safari hii kampuni zilianza kulipia zenyewe. Zimegharamia kutengeneza mashine za Mwadingusha, za Nseke, na za Inga ya pili, kwa makubaliano na SNEL: kampuni inatoa fedha, kisha inahesabiwa katika malipo ya umeme na kupewa sehemu yake. Busanga, megawati 240, imejengwa kwenye Lualaba kwa mkataba wa Wachina, na umeme wake kwanza ni wa mgodi wa Sicomines. Migodi mingine inanunua kurani Zambia. Ile njia ya kusini ya 1956 leo inaingiza badala ya kutoa. Na nchi nzima, karibu mtu mmoja tu kwa watano ndiye ana umeme.

Sielezi hayo ili mchukie kampuni. Mwenye kulipia turbini ana haki ya kutaka sehemu yake. Ninachotaka mwone ni kwamba tangu 1930 kila megawati ya nchi hii imekuwa na mwenyewe kabla haijatoka majini, na mwenyewe huyo ana karatasi. Mkaaji ndiye asiye na karatasi.

Sasa angalieni Cité Gécamines. Nyumba zile zilijengwa kwa wafanyakazi, zina maji ya bomba na umeme, shule na hospitali ziko karibu. Mgodi wa wazi ulio katikati ya mji unazidi kupanuka, na familia zinaondoka. Septemba 2023 Amnesty International na IBGDH walitoa ripoti juu ya kuhamishwa kwa watu Kolwezi. Wengi walioongea nao walisema fedha walizopewa hazikutosha kupata nyumba kama ile waliyoacha. Nimeona mwenyewe maana yake. Mama aliyekuwa akiuza maji ya baridi kutoka friji yake sasa ananunua gunia la makala na kungoja zamu ya pampu. Hakuhama kilomita nyingi. Amehama kutoka upande mmoja wa ile historia kwenda upande mwingine.

Wanaokuja kupima nyumba huhesabu vyumba, mabati, milango, miti ya maembe. Kaunta ya umeme huhesabiwa kama kifaa cha ukutani. Haihesabiwi kama miaka 40 ya kuwa ndani ya mtandao. Na kule mnakopelekwa, neno "umeme" laweza kumaanisha nguzo bila waya, au waya bila kabini, au kabini moja ndogo ambayo tayari inabeba mtaa mwingine.

Mwezi uliopita papa mmoja aliniletea karatasi yake kabla ya kutia sahihi. Hakutaka nimwandikie habari, alitaka nimsomee Kifaransa. Neno "électricité" lilikuwa hapo mara moja, mstari wa nne kutoka chini. Tulichukua kalamu. Akaniambia niandike: kabini ya nani, nguvu kiasi gani, nyumba ngapi juu yake, nani analipa kuunganisha mpaka kwenye kaunta, tarehe gani, na ikiungua nani anatengeneza. Pembeni ya karatasi hapakuwa na nafasi, tukageuza nyuma. Ameipeleka ofisini siku ya Jumatatu. Wamemwambia arudi, na yeye bado analala katika nyumba yake ya zamani, taa ikiwaka.